VYOMBO VYA HABARI NA SAUTI YA MWANANCHI: TUSIKIE, TUHAKIKISHE, TUFIKE

Mada niliyopewa mwaka huu ni pana kama bahari, nami nina ngalawa tu. Kwa hivyo sitaizunguka bahari nzima. Nitapita karibu na pwani yetu, hapa Changamwe na viunga vyake, nikitazama jambo moja: je, vyombo vya habari vya kisasa vinamsaidia mwananchi kushiriki katika demokrasia, au vinamfanya awe mtazamaji tu?

1. UTANGULIZI: FUMBO LA KUTEGUA

Hebu tuanze na hesabu ndogo. Katika Uchaguzi Mkuu wa 2013, takriban wapiga kura 86 katika kila 100 waliojiandikisha nchini Kenya walijitokeza. Mwaka 2017 walikuwa kama 79. Mwaka 2022, pamoja na kwamba waliojiandikisha walizidi milioni 22, waliofika vituoni walikuwa kama 65 katika kila 100. Na kwetu Mombasa? Kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa zilizojitokeza kwa uchache zaidi nchini. Hata nusu ya waliojiandikisha haikufika.

Sasa linganisha na vyombo vya habari. Katika miaka hiyo hiyo redio ziliongezeka, televisheni zikaongezeka, na simu zenye intaneti zikaingia mikononi mwa watu wengi. Panda matatu kutoka Magongo kwenda mjini, redio inanguruma. Ingia kwa kinyozi Chaani, televisheni iko ukutani. Kaa barazani Port Reitz jioni, kila mtu ameinamia simu yake, na maneno ni ya siasa tupu. Watu wanajua majina ya wabunge wa mbali kuliko majina ya majirani zao.

Jama, inakuwaje? Habari zimezidi, lakini wanaofika wamepungua! Hilo ndilo fumbo la makala haya. Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi tuulize.

2. MAANA YA MANENO

Kiswahili chetu kina hazina. Neno "chombo" kwa mtu wa pwani si kifaa tu, bali pia ni jahazi, dau au mashua, yaani kile kibebacho watu na shehena kutoka bandari moja hadi nyingine. Hivyo tunaposema "chombo cha habari" ni kama kusema jahazi la habari. Sisi tunaokaa karibu na Kipevu, ambako meli hupakuliwa usiku na mchana, tunajua mambo matatu kuhusu chombo. Kwanza, hubeba kile kilichopakiwa, kiwe chakula au sumu. Pili, kina nahodha na mwenyewe. Tatu, kikishafika gatini, shehena haijitoi yenyewe. Lazima watu wafike waipakue. Msomaji ayashike hayo matatu, maana tutayarudia.

Demokrasia nayo ni utawala wa watu kwa hiari yao. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria kupiga kura tu, mara moja kila miaka mitano. La hasha! Kupiga kura ni sehemu moja. Kuna kuuliza viongozi maswali, kutoa maoni kabla sheria haijapitishwa, kulalamika penye dhuluma, kudai kuona hesabu za fedha za umma, na kugombea cheo mwenyewe. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inautaja ushiriki wa wananchi katika Kifungu cha 10 kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Vifungu vya 118 na 196 vinalitaka Bunge na mabunge ya kaunti yafanye kazi yao hadharani na kuwashirikisha wananchi.

3. TULIKOTOKA

Mtu asidhani kwamba habari hizi zilianza na simu. Hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye, mwaka 1937, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Jina hilo maana yake ni kutengeneza kilichoharibika. Aliwahimiza watu wa pwani wasome, waijue hali yao chini ya ukoloni, na wajirekebishe. Lilikuwa gazeti dogo, lakini lilimtaka msomaji afanye jambo, si asome tu na kulikunja.

Miaka ya 1950 mji wetu ulikuwa na kituo chake cha redio, Sauti ya Mvita. Kuanzia 1954 masikio ya pwani yalivutwa pia na matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo, Misri, yaliyoupinga ukoloni waziwazi. Serikali ya kikoloni haikufurahi, lakini mawimbi ya redio hayana mpaka wala hayaombwi paspoti.

Baada ya Uhuru, mwaka 1964, utangazaji ulitiwa mikononi mwa serikali ukaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 ukawa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Kwa miaka mingi redio ilikuwa ni hiyo moja. Ilielimisha, ilitangaza vifo na mpira, na ilikikuza Kiswahili, hatuwezi kukana. Lakini katika siasa nahodha alikuwa mmoja, na abiria hawakuulizwa wanakokwenda.

Mwaka 1988 Wakenya walipiga kura kwa mlolongo, yaani kwa kujipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake. Watu waliona kwa macho yao foleni ndefu ikishindwa na foleni fupi! Jarida la kanisa lililoitwa Beyond lilichapisha habari za wizi huo, likapigwa marufuku, na mhariri wake akafungwa jela. Mwaka 1990 jarida la Nairobi Law Monthly nalo lilipigwa marufuku. Hata hivyo, lisemwalo lipo. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoruhusu chama kimoja tu kiliondolewa katika Katiba ya wakati huo, na tarehe 29 Desemba 1992 tukapiga kura za vyama vingi.

Mwaka 1996 redio ya kwanza ya binafsi, Capital FM, ilianza kusikika Nairobi. Mlango ukafunguka. Miaka ya 2000 pwani ikapata sauti zake yenyewe: Pwani FM ya KBC, Baraka FM, Radio Rahma, Radio Salaam na nyinginezo. Mama wa Likoni akaweza kupiga simu studioni akasema, "Mwanangu mtangazaji, hebu nipe nafasi nseme." Zamani redio ilisema nasi tukasikiliza. Sasa na sisi tukasema.

4. KAZI NZURI ZA VYOMBO VYA HABARI

(a) Kumjulisha mwananchi kwa wakati

Tukumbuke Agosti 2022. Katika mkesha wa uchaguzi Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba kura ya ugavana haitapigwa Mombasa na Kakamega tarehe 9, kwa kuwa karatasi za kura zilikuwa na makosa. Uchaguzi huo ulifanywa tarehe 29 Agosti. Nani angepita nyumba hadi nyumba kuwaambia watu? Ni redio na simu. Pasipo habari ya haraka, watu wangefika kituoni na kudhani wamefanyiwa hila.

(b) Kuwa mlinzi wa wanyonge

Jirani zetu wa Owino Uhuru, Jomvu, sehemu iliyokuwa ndani ya eneo bunge la Changamwe kabla Jomvu haijapewa mbunge wake mwaka 2013, waliishi ukutani mwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Moshi na maji machafu yaliwadhuru watu, hasa watoto. Bi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mtoto wake aliugua, alianza kupaza sauti. Waandishi wa habari walifika, picha zikapigwa, na filamu fupi ikatengenezwa na shirika la haki za binadamu mwaka 2014. Mwaka huo huo kiwanda kilifungwa. Mwaka 2015 Bi. Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka kumi kutoka kufungwa kwa kiwanda! Kamera iliwafanya watu wajue, lakini waliokwenda mahakamani, wakatoa damu ipimwe, wakakaa mikutanoni mwaka baada ya mwaka, ni wakazi wenyewe. Somo hilo ni kubwa: chombo kilileta shehena, na watu wakafika gatini kuipakua.

(c) Kumfanya mwananchi awe shahidi

Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 nchi iliwaka moto. Mwezi wa Januari 2008 vijana wa Kenya waliunda mtambo wa intaneti ulioitwa Ushahidi. Mtu aliyeona ghasia aliweza kutuma ujumbe, na tukio likaonyeshwa kwenye ramani kwa wote. Mtambo huo ulitumiwa baadaye hata Haiti baada ya tetemeko la 2010. Wanachama wa Chama cha Kiswahili tujivune kidogo: neno letu la mahakamani limezunguka dunia!

Mwaka 2022 tulipiga hatua nyingine. Tume ya Uchaguzi iliweka kwenye intaneti fomu za matokeo ya urais za vituo vya kura zaidi ya 46,000. Mwanafunzi mwenye simu na subira aliweza kuifungua fomu ya shule iliyo karibu na kwao akalinganisha na karatasi iliyobandikwa mlangoni. Miaka ya mlolongo nani angeota jambo hilo?

(d) Kuishusha sheria hadi kwenye lugha ya watu

Mswada wa Fedha wa 2024 uliandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Vijana waliuchambua kipengele kwa kipengele katika mitandao ya kijamii, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Mama muuza mahamri akaelewa kwamba kuna pendekezo la kutoza mkate kodi ya asilimia 16, na mwenye gari akajua kuna kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake. Watu waliwaandikia wabunge wao ujumbe kwa maelfu. Tarehe 18 Juni baadhi ya vipengele hivyo viliondolewa. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi mswada huo. Mombasa nayo iliandamana. Lakini tusisahau kwamba makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano ya mwaka huo, wengi wao vijana. Ushiriki usiwe wa kumwaga damu. Kijana anayeuliza swali na afisa anayeulizwa wote wanataka kurudi nyumbani jioni.

5. UPANDE WA PILI WA SARAFU

Makala ya kusifu tu si makala, ni tangazo la biashara. Tutazame na madhara.

Kwanza ni uchochezi. Likoni, Agosti 1997, kabla na wakati wa ghasia, vikaratasi vya kuwataka watu wa bara waondoke vilisambazwa. Karatasi tu! Watu waliuawa na maelfu wakahama. Miaka kumi baadaye, katika ghasia za 2007 na 2008, watu zaidi ya 1,100 walikufa, na baadhi ya matangazo ya redio yalilaumiwa kwa kuchochea chuki. Mtangazaji mmoja alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Kesi yake ilisimamishwa mwaka 2016 kwa kukosa ushahidi wa kutosha, lakini funzo lilibaki. Ndiyo maana Kifungu cha 33 cha Katiba kinachotupa uhuru wa kusema kinasema pia kwamba uhuru huo hauhusu maneno ya chuki wala uchochezi wa vita na ghasia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Pili ni umiliki. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Baadhi ya vituo humilikiwa na wanasiasa au matajiri walio karibu na wanasiasa. Msikilizaji mwerevu hujiuliza: habari hii inamfaa nani? Mbona mgombea huyu anahojiwa saa nzima, na yule dakika mbili?

Tatu ni kuzimwa. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali iliamuru matangazo ya moja kwa moja yasimamishwe. Tarehe 30 Januari 2018 vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa kwa sababu ya kuonyesha mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Agizo kama hilo lilitolewa tena tarehe 25 Juni 2025, na Mahakama Kuu ikalisimamisha. Na habari zikizimwa, watu hawanyamazi. Hugeukia uvumi, nao uvumi hauna mhariri.

Nne ni kubabaika. Mwaka 2022 vituo vya televisheni vilikuwa vikijumlisha fomu zile zile za urais, lakini kila kimoja kwa mpango na mwendo wake. Hapa mgombea mmoja anaongoza, pale anaongoza mwingine. Watu wakadhani kuna udanganyifu, kumbe fomu zilizojumlishwa zilikuwa tofauti. Na katika simu kukawa na picha bandia na sauti za kupachikwa. Habari nyingi si lazima ziwe elimu nyingi.

6. KWA NINI WATU HAWAFIKI?

Sasa turudi kwenye fumbo letu. Mimi naona sababu nne, na mwenye ya tano aiandike toleo lijalo.

(i) Tunadhani kusikia ni kushiriki. Mtu akishapiga simu redioni, akamkemea mheshimiwa, moyo wake hutulia. Anajihisi amefanya kazi. Kumbe mheshimiwa hakusikia, na bajeti ilipitishwa siku hiyo hiyo bila yeye. Hasira imetoka, jambo limebaki.

(ii) Habari nyingi ni za wakubwa, chache ni za wadi. Eneo bunge la Changamwe lina wadi tano: Port Reitz, Kipevu, Airport, Changamwe na Chaani. Uliza darasani kwako ni wangapi wanaomjua mwakilishi wao katika Bunge la Kaunti. Kisha uliza ni wangapi wanajua nani anamtukana nani Nairobi. Majibu unayajua. Lakini mtaro unaofurika mvua ya masika, taa ya barabarani iliyozimika na zahanati isiyo na dawa ni mambo ya kaunti. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Baricho, Mzima, Marere na Tiwi, na wengi wetu huyanunua kwa madumu ya mkokoteni. Hilo ni swali la bajeti, si la majaliwa.

(iii) Lugha. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini makaratasi mengi ya bajeti huandikwa kwa Kiingereza. Mzee aliyefanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta hapa Changamwe tangu ujana wake, mwenye akili ya kupima na kuhesabu, hukaa mkutanoni kama mgeni kwa sababu ya lugha tu. Akirudi nyumbani husema, "Wacha wasomi wamalize."

(iv) Kukata tamaa. Watu wameahidiwa mengi. Mkutano wa kutoa maoni hufanywa, maoni huandikwa, kisha hakuna anayerudi kueleza yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Mwaka wa pili watu hawaji. Na hapa waandishi wa habari wana deni: huja siku ya mkutano kupiga picha, lakini hawarudi baada ya miezi sita kuuliza, "Ule mtaro vipi?"

7. TUFANYEJE?

Napendekeza ngazi tatu, na kila ngazi iwe na kazi ya mwanafunzi.

Ngazi ya kwanza: TUSIKIE. Tusikilize habari za karibu, si za mbali tu. Tuijue kalenda ya fedha za kaunti. Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mwongozo wa matumizi kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Anayelalamika mwezi wa Julai amechelewa. Chombo kimeshang'oa nanga.

Ngazi ya pili: TUHAKIKISHE. Ukipokea habari katika simu, jiulize maswali manne kabla ya kuituma. Nani amesema? Amesema lini? Nani mwingine aliyeona? Na ikiwa ni uongo, nani ataumia? Tena tunayo sheria ya kupata habari ya 2016. Mwananchi anaweza kuiandikia ofisi ya umma kuomba habari, na ofisi hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa, analalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua moja iliyoandikwa kwa adabu, yenye tarehe na sahihi, ina uzito kuliko kelele mia za mtandaoni. Na insha za barua rasmi si tunafundishwa darasani? Basi tuzitumie!

Ngazi ya tatu: TUFIKE. Walio chini ya miaka 18 hawapigi kura, lakini hakuna sheria inayowazuia kusikiliza kikao cha wazi au kumsindikiza mama mkutanoni. Katiba inasema uchaguzi mkuu uwe Jumanne ya pili ya Agosti katika kila mwaka wa tano. Baada ya ule wa 2022, zamu inayofuata ni 2027, kisha 2032. Kila mmoja wetu apige hesabu ya umri wake, aijue zamu yake.

Na Chama chetu cha Kiswahili je? Nina pendekezo moja kwa walimu na wanachama. Kila tangazo la mkutano wa kutoa maoni likitoka gazetini, kamati yetu ilisome, ilifupishe kwa Kiswahili chepesi katika ukurasa mmoja, na kila mwanafunzi apeleke nakala nyumbani. Ukurasa useme mambo matano tu: ni mkutano wa nini, unafanywa wapi, lini, una uzito gani kwa wadi yetu, na mtu asiyeweza kufika atapelekaje maoni yake. Hatutaunga mkono chama chochote cha siasa. Tutafasiri tu. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, inahitaji kamusi, karatasi na moyo. Tena tutajifunza msamiati kuliko mtihani wowote unavyoweza kutufundisha.

8. HITIMISHO

Tumeona kwamba vyombo vya habari vimetoka mbali, kutoka karatasi ya Sahifa hadi fomu za kura ndani ya simu. Vimewaamsha watu, vimewalinda wanyonge wa Owino Uhuru, vimeueleza mswada kwa lugha ya barazani. Pia vimechochea, vimebabaisha, na mara nyingine vimezimwa. Lakini hata chombo kizuri namna gani hakipigi kura, hakiendi mkutanoni, hakiandiki barua. Hayo ni yetu. Kama nusu ya Mombasa itaendelea kukaa nyumbani, basi nusu iliyobaki itaamua bei ya maji, mtaro na dawa kwa niaba ya wote, na aliyekaa hatakuwa na wa kumlaumu.

Nimesema yangu, penye kosa nikosoeni. Karibuni kamatini, Ijumaa baada ya masomo. Wasalaam.

MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza mambo matatu yanayofananisha chombo cha habari na chombo cha baharini.
2. Taja njia nne za kushiriki katika demokrasia mbali na kupiga kura.
3. "Habari nyingi si lazima ziwe elimu nyingi." Jadili kwa kutumia mfano wa 2022.
4. Kisa cha Owino Uhuru kinatufundisha nini kuhusu mipaka ya nguvu za kamera?
5. Andika barua rasmi kwa ofisi yoyote ya umma ukiomba habari kuhusu mradi mmoja katika wadi yako. (Barua bora itachapishwa toleo lijalo.)

MSAMIATI

Shehena: mzigo unaobebwa na chombo.
Gati: mahali meli hufunga kupakia au kupakua.
Mlolongo: upigaji kura kwa kujipanga foleni.
Mswada: sheria ambayo bado haijapitishwa.
Kutengua: kuondoa nguvu ya uamuzi uliokwisha tolewa.
Uvumi: habari isiyojulikana ilikotoka.
Wadi: sehemu ndogo ya eneo bunge yenye mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti.